Pleko Hazai Kwenye Kioo, Lakini Muha Ina Kingo

Musaga, kartiye ya Bujumbura, iko mteremkoni. Maji yanayomwagwa uani katika nyumba yoyote ya kartiye hii yana njia moja tu: huingia mtaroni, mtaro huyapeleka Muha upande wa kaskazini au Kanyosha upande wa kusini, na mito hiyo miwili huyafikisha Tanganyika. Anayeweka akwariamu sebuleni Musaga ameiweka juu ya ziwa, na ndoo moja ya maji machafu inatosha kukifikisha huko kile alichokifuga. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa samaki mmoja anayependwa na wenye akwariamu dunia nzima: pleko, kambare wa Amerika Kusini aliyevikwa mabamba ya mfupa badala ya magamba, mwenye mdomo wa kunyonya chini ya kichwa, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa sifa ya kusafisha kioo. Akishanunuliwa wawili, maswali hufuatana. Yupi dume na yupi jike? Watazaa? Maswali hayo yanaonekana ya anasa, ya watu walioshiba wakitafuta la kujishughulisha nalo Jumapili. Hoja yangu ni kwamba ndiyo hasa yanayopaswa kuamua pleko gani aingie Bujumbura na yupi abaki kwao, na kwamba jibu lake liko kinyume na wengi wanavyodhani. Pleko anayezaa tangini ndiye mwenye nafuu. Yule anayeonekana tasa ndiye wa kuogopwa.

Kwanza tuwatenganishe, maana jina la pleko limebeba samaki wengi mno. Ukoo wao, Loricariidae, una mamia ya spishi, lakini mfugaji wa kawaida hukutana na makundi mawili. La kwanza ni pleko wa ndevu, jenasi Ancistrus, ambaye hukomea kwenye sentimita 12 hadi 15. Huyu hamsumbui mtu kwa jinsia yake. Dume akikaribia kukomaa huota ndevu nene, zenye nyama na matawi, kuanzia ukingo wa mdomo hadi juu ya pua; jike hubaki na uso mtupu, au huwa na vindevu vifupi pembezoni mwa mdomo visivyopanda juu. Mtoto wa shule akionyeshwa mara moja hatakosea tena. Kuzaliana kwao nako hakuna siri. Dume hutaka pango: kipande cha bomba la udongo, chungu kilichovunjika ukingo, kifuu cha nazi. Pango liwe jembamba, la kumtosha yeye na nafasi kidogo tu, kwani likiwa pana jike hutaga na kutoka kabla dume hajarutubisha mayai. Mayai ni ya rangi ya chungwa iliyoiva, makubwa kwa samaki mdogo kiasi hiki, yameshikana kama shada darini mwa pango. Jike akishataga huenda zake. Dume hubaki humo akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana, hata chakula akisogezewa mlangoni hatoki. Maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hivi, mayai huanguliwa ndani ya wiki moja, vifaranga hukaa pangoni siku nyingine kadhaa wakimaliza kiini walichobeba tumboni, kisha hutoka na kubandika midomo kioo kizima. Lengalenga iliyochemshwa kidogo, kipande cha tango na gogo dogo la kukwangua vinawatosha.

Kundi la pili ndilo linalouzwa zaidi kwa sababu ni la bei nafuu: Pterygoplichthys, pleko mkubwa mwenye pezi la mgongoni kama tanga la jahazi. Naye huuzwa akiwa wa kidole, ila hakomei hapo. Hufika sentimita 40, wengine zaidi, na huishi miaka kumi na kuendelea. Huyu ndiye anayewatoa jasho wanaotafuta jinsia. Hana ndevu, na rangi yake haisemi kitu. Wafugaji wa mabwawani humgeuza tumbo juu na kutazama kinundu kilicho nyuma ya tundu la haja: cha dume huchomoza, cha jike hulala bapa, tena tofauti hiyo huonekana kwa samaki aliyekomaa tu na kwa jicho lililozoea. Samaki wa sentimita 8 aliye kwenye tangi la duka hajakomaa, na hatakomaa mpaka amekuwa mkubwa kuliko akwariamu nyingi za nyumbani. Kwa hiyo mnunuzi hununua bila kujua, huwalisha miaka miwili au mitatu, haoni yai wala kifaranga, na mwishoni hukata kauli kwamba samaki hawa hawazai. Kauli hiyo ndiyo mzizi wa matatizo, kwa sababu humfanya mtu aamini kuwa ana mnyama asiye na madhara.

Ukweli ni kwamba pleko mkubwa hazai nyumbani kwa kukosa kitu kimoja, nacho ni udongo. Kwa asili dume huchimba shimo kwenye ukingo wa mto, shimo linaloingia ardhini nusu mita hadi mita nzima, na humo jike hutaga mamia ya mayai, pengine elfu kadhaa. Kioo hakichimbiki, changarawe ya kupamba haishiki umbo la shimo, na hakuna sebule yenye ukingo wa mfinyanzi. Wanaomzalisha kwa biashara, Florida na Asia ya Kusini-Mashariki, hawatumii akwariamu hata kidogo; wana mabwawa ya udongo, na samaki hujifanyia kazi wenyewe. Utasa wake, basi, ni wa mahali alipowekwa, wala hauko mwilini mwake. Mhamishe mahali, na hapo ndipo ushahidi wa dunia unapoanza kutisha.

Katika mto San Antonio, Texas, jamaa zake wa jenasi Hypostomus wameripotiwa tangu miaka ya 1960. Florida imejaa pleko wakubwa katika mito na maziwa yake, na watafiti waliopima mashimo yao huko wamekuta kingo zilizotobolewa kwa makundi, shimo kando ya shimo, kama koloni. Ufilipino wamejaa katika mto Marikina na katika ziwa Laguna de Bay, kandokando ya Manila, ambako wavuvi walianza kuwanasa badala ya samaki wa kuliwa. Mexico, kwenye bwawa la Infiernillo, kulikuwa na uvuvi wa tilapia wenye sifa katika Amerika nzima ya Kilatini. Walipoingia pleko, nyavu zikaanza kuchanika kwa miiba na mabamba yao, na mapato ya wavuvi yakaporomoka. Atakayesema kwamba huko ni mbali aitazame Afrika yenyewe: KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwenye mito ya uMhlathuze na Nseleni karibu na Richards Bay, pleko wa jenasi Pterygoplichthys wanazaliana porini, nao waliripotiwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mahali karibu pote wanapoonekana nje ya kwao, chanzo kinachotajwa ni samaki wa mapambo: waliotoroka mashambani, au waliotupwa na watu waliochoka nao. Hakuna serikali iliyokaa mezani ikaamua kuwapandikiza. Walipandikizwa na watu wenye huruma, walioona ni ukatili kumuua samaki waliyemlea.

Sasa tuirudie mito yetu. Muha na Kanyosha haijulikani kwa utulivu. Mvua ikipiga milimani hushuka na mawe, na mkaazi wa Bujumbura hahitaji kuelezwa kinachotokea kingoni: ardhi hukatika, korongo hupanuka, nyumba iliyokuwa mbali na mto hujikuta ukingoni, na msimu mwingine haipo. Mto Ntahangwa una historia hiyo hiyo. Watu wametumia magunia ya mchanga, mianzi, kuta za mawe na fedha za wafadhili kuishikilia ardhi hii. Kuongezea juu ya hayo samaki ambaye namna yake ya kuzaa ni kutoboa ukingo ni jambo ambalo mhandisi yeyote angelikataa kabla mwanabiolojia hajafungua mdomo. Nakubali kwamba sehemu za juu, Musaga kwenyewe, mito hii ni ya mawe na kasi, na pleko hatapenda kukaa hapo. Hatakaa. Mafuriko yatamteremsha hadi kartiye za chini za Kinindo na Kanyosha ambako maji hupungua mbio, au moja kwa moja hadi ziwani, na kutoka ufukweni hapo delta ya mto Rusizi, yenye matope, majani na kingo laini kadiri utakavyo, haiko mbali. Rusizi ilipofurika na kuzamisha Gatumba mwaka 2020 ilionyesha wazi kwamba katika tambarare hii mpaka kati ya mto, ziwa na uwanja wa mtu ni wa msimu tu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni la kemia. Maji ya Tanganyika ni magumu na ya alkali, kiwango chake cha pH hukaribia 9, ilhali pleko ni mtoto wa Amazoni na Orinoko, wa maji laini na yenye asidi. Anayejua samaki atasema ziwa litajilinda lenyewe. Ningetamani iwe hivyo. Lakini pleko huyu amekwisha kuonekana Mexico na Florida akiishi hata kwenye maji yenye chumvi kiasi karibu na midomo ya mito, na mito ya Texas inayolishwa na chemchemi za mawe ya chokaa haifanani na Amazoni kwa lolote. Hewa nayo si kizuizi: maji yakikosa oksijeni, hupanda juu, humeza hewa na kuitumia kupitia ukuta wa tumbo lake, ndiyo maana huweza kukaa nje ya maji saa nyingi na asife. Tena midomo ya mito yetu si ziwa lenyewe. Ni mchanganyiko, na maji ya Kanyosha hayana ukali wa maji ya ziwani. Joto la ufukweni, nyuzi 24 hadi 28, ni lile lile ambalo mfugaji hulitafuta kwa hita. Siwezi kuapa kwamba pleko atastawi Tanganyika. Ninachosema ni kwamba kila kizuizi kinachotajwa amekwisha kukivuka mahali pengine, na kwamba jaribio hili likishafanywa halirudishwi nyuma.

Pingamizi la pili husema wapo wa kumla: mamba, sangala, mukeke. Mukeke ni mwindaji wa ndagala katikati ya ziwa, hana shughuli na mnyama aliyebanwa kwenye matope. Na mwindaji yeyote atakayemjaribu atakutana na mabamba ya mfupa pamoja na miiba ya mapezi ambayo pleko huisimamisha na kuifunga, ikawa haikunjiki. Kwao Brazil wanaliwa, ni kweli, na watu wa Pará huwapika na kuwapenda. Huo ni ushahidi kwamba binadamu anaweza kumla, na wapo wanaoukimbilia kusema kwamba basi Burundi itakuwa imepata mboga. Mvuvi wa Infiernillo angewajibu kuwa kilo moja ya samaki mwenye mfupa nje na nyama kiduchu ndani haifidii kilo ya tilapia, wala haishoni wavu.

La tatu ndilo husikika zaidi: mmoja tu atadhuru nini? Ametupwa peke yake, atakufa peke yake. Hapa ndipo suala la jinsia linaporudi kwa nguvu. Aliyemtupa hajui alikuwa dume au jike, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua. Hajui kama jirani wa kartiye ya pili, au mwenye bwawa la mapambo huko Kiriri, alitupa wa kwake mwaka jana. Samaki anayeishi zaidi ya miaka kumi ana muda wa kusubiri. Watu watano wasiofahamiana, kila mmoja na samaki wake mmoja, katika miaka mitano tofauti, wanaweza kuunda jozi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeikusudia. Kwa pleko wa ndevu hali ni nyingine kabisa: mfugaji humwona dume kwa macho, humtenga na jike, na uzazi husimama. Kujua jinsia ndiyo njia yake ya uzazi wa mpango. Ndiyo maana nasema samaki anayezaa kwa urahisi ni salama kuliko tasa, ingawa masikioni inasikika vibaya. Anayezaa ameonyesha kila kitu: ukubwa wake, jinsia yake, mahitaji yake. Si kwamba Ancistrus hana hatia. Naye ni mgeni, na jozi moja iliyoachwa ijizalie itamjazia mtu vifaranga kila baada ya wiki chache hadi atamani kuvimwaga. Lakini tatizo lake linatatuliwa kwa kipande cha kioo katikati ya tangi.

Kinachowekwa rehani kinafaa kutajwa kwa kipimo. Tanganyika ina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900 na kina cha mita 1,470, na ndani yake wamo samaki wa ukoo wa sikilidi wa spishi takribani 250, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wanaishi ufukweni, kwenye mawe, mita chache chini ya uso wa maji. Tropheus na Petrochromis, kwa mfano, hula mwani uliogandamana na mwamba, kila aina kwa meno yake na kwa namna yake, na baadhi hawavuki hata ghuba moja ya mchanga kwenda mwamba wa pili. Pleko ni mla mwani wa kukwangua, na ndio hao atakaogombania nao sahani. Sidai kwamba atafanya yale sangara aliyoyafanya Victoria, alikopandikizwa miaka ya 1950 na ambako mamia ya spishi za sikilidi yalipungua vibaya au kutoweka. Sangara ni mwindaji, pleko siye. Lakini Victoria ilifundisha kwamba samaki wa ziwa la kale, waliogawana riziki kwa maelfu ya vizazi, hawana akiba ya kumkaribisha mgeni.

Ajabu kubwa ya akwariamu ya Bujumbura yenye pleko ni kwamba dunia inafanya kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alianza hapa hapa kuvua na kusafirisha samaki wa ziwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, na vitabu vyake, cha 1978 na kile kikubwa cha 1989, viliwafanya watu wa Ujerumani na Japani wajue majina ya fukwe za Burundi. Samaki mmoja mwenye mkia wa nyuzi ndefu, Neolamprologus brichardi, amepewa jina lake. Leo samaki hao wanazaliwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Prague, na wafugaji wa huko huhangaika kutia chumvi na chokaa majini ili yafanane na ya kwetu. Mtu wa Bujumbura hana haja ya kuhangaika: sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji huvutwa kutoka ziwani na kusafishwa. Akiyaacha kwenye pipa siku moja au mbili klorini iondoke, ana ziwa ndani ya pipa. Pleko wa ndevu huyavumilia maji hayo, ila mayai yake huanguliwa vizuri zaidi yakiwa laini. Samaki wa ziwa hayavumilii tu. Ndiyo maji yake.

Na kama anachokitaka ni kambare, ziwa linaye wa kumfanya pleko aonekane wa kuchosha. Ni gogogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, wa mwili mweupe uliotapakaa alama nyeusi, macho makubwa na mapezi yenye kingo nyeupe. Mwaka 1986 mtafiti Mjapani Tetsu Sato alieleza katika jarida la Nature jambo ambalo halikuwa limejulikana kwa samaki yeyote: gogogo huyu hulelewa watoto na wengine. Sikilidi wanaotunza mayai mdomoni wanapotaga, kundi la gogogo huvamia, hula baadhi ya mayai, na papo hapo hutaga na kurutubisha ya kwao. Mama sikilidi, akiwa na haraka ya kuyaokoa mayai yake, huyakusanya yote mdomoni. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vifaranga vyake huanza kuwala wenyeji wao humo humo mdomoni mwa mama. Mwisho wa malezi mama hutema watoto wasio wake. Kumtofautisha dume na jike kunahitaji subira lakini kunawezekana: jike aliyekomaa hujaa tumbo na kuwa mviringo akitazamwa kutoka juu, dume hubaki mwembamba na kinundu chake cha uzazi huchomoza. Kwa kuwa wanataga kwa vurugu ya kundi, mfugaji hahitaji jozi. Anahitaji gogogo sita au zaidi, tangi la lita 400 na kuendelea, na sikilidi wa kuwalea, kama Ctenochromis horei wa ufukweni kwetu.

Hapo pana mtego mmoja. Wafugaji wa Ulaya waligundua kuwa gogogo hufanikiwa zaidi wakiwekewa sikilidi kutoka ziwa Malawi, ambao hawajawahi kukutana naye na hawajui kujihami. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki walithibitisha hilo mwaka 2018: sikilidi waliozoeana na gogogo katika historia yao ndefu hudanganyika mara chache zaidi kuliko wageni. Prague njia hiyo ya mkato haina ubaya, mfereji wake hauishii Tanganyika. Musaga ina ubaya ule ule wa pleko, tena zaidi, maana sikilidi wa Malawi angekuta mawe, mwani na maji ya alkali ya kumstarehesha. Mfugaji wa hapa avumilie mafanikio machache na atumie wenyeji wa ziwa.

Wapo watakaouliza kama kuhamasisha watu kufuga samaki wa ziwa hakutalimaliza ziwa lenyewe. Lingekuwa pingamizi la haki kama kila aliyetaka gogogo angemtuma mvuvi. Lakini kufuga kwa kuzalisha ni tofauti na kufuga kwa kununua na kununua tena. Kundi moja linalozaa linatosha kulisha kartiye nzima kwa miaka, na kifaranga kikiponyoka mtaroni kinarudi kwenye maji ya babu zake. Hata hivyo kirudi huko kwa bahati mbaya tu, si kwa desturi, kwa sababu samaki aliyekaa na wengine dukani hubeba magonjwa. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unazitaka nchi hizo kuzuia viumbe wageni kuingizwa ziwani, na mamlaka inayousimamia ina makao yake hapa Bujumbura. Mkataba lakini hauingii sebuleni mwa mtu.

Aliye tayari na pleko mkubwa nyumbani asimpeleke mtoni, wala kwenye bwawa la hoteli ambalo mvua kubwa italifurisha. Amtafutie mwenye tangi kubwa zaidi. Akikosa, wafugaji wengi hutumia mafuta ya karafuu: matone machache yaliyotikiswa kwenye maji ya vuguvugu na kumiminwa taratibu ndani ya ndoo yake humlaza usingizi, kisha dozi kubwa humaliza, bila purukushani. Samaki huyo haliwi, huzikwa.

Na anayekwenda dukani leo ana vipimo viwili asivyoweza kudanganywa navyo. Jinsia ya samaki wa kidole haisomeki, ila jenasi yake inasomeka: pezi la mgongoni likisimama, ahesabu miale inayolishikilia. Ikifika kumi au kupita, huyo ni Pterygoplichthys, hata muuzaji amwite jina gani, na arudishwe tangini. Ikiwa pungufu ya hapo bado haitoshi, maana Hypostomus naye ana miale michache na hukua vile vile, kwa hiyo aombe kuonyeshwa wazazi. Aliyezalisha pleko wa ndevu mwenyewe atakuwa na dume mwenye ndevu pangoni na atamwonyesha kwa fahari. Aliyeagiza pleko wakubwa kutoka ng'ambo hana mzazi wa kuonyesha, kwa sababu wazazi wamebaki kwenye mashimo yao ya udongo.